Vipimo vya Mimenyuko ya Protoni Kwenye Foili za Metali Visipokubaliana: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu unahusu njia ya bunda la foili. Karatasi nyembamba za metali hupangwa moja nyuma ya nyingine, humulikwa kwa mwale wa protoni kutoka kwenye saiklotroni (mashine ya kuziongezea protoni kasi), kisha kila foili hupimwa peke yake mbele ya kigunduzi cha gerimani ili kujua ni viini gani nururifu vimezaliwa ndani yake na kwa wingi gani. Kwa kuwa protoni hupungukiwa nishati kila zinapovuka foili, bunda lililomulikwa mara moja tu hutupatia uwezekano wa mmenyuko katika nishati nyingi tofauti, nao uwezekano huo huandikwa kwa milibani, kipimo kidogo mno cha eneo. Namba hizi hutegemewa na watengenezaji wa dawa nururifu, kuanzia iThemba LABS ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka mingi ilitumia protoni za MeV 66 (MeV ni kipimo cha nishati), hadi saiklotroni ndogo za hospitali, zikiwemo zilizopo Nairobi. Namba yenye kosa humfanya mtengenezaji achague nishati isiyofaa, na pamoja na isotopu (aina ya kiini) anayoihitaji akazalisha nyingine ambayo hapaswi kumdunga mgonjwa.

Mfano nitakaoushika ni wa foili za shaba zenye unene wa mikromita 25, zilizopangwa pamoja na foili za titani kama rejea, yaani foili ambazo thamani zake tayari zinajulikana, na mwale wa kati ya MeV 20 na 30. Namwomba msomaji jambo moja kabla ya yote: usizidishe matokeo yako kwa namba yoyote ya kusahihisha mpaka ujue kosa limetoka wapi. Nimeona data nzuri ikiharibiwa kwa masahihisho ya haraka kuliko ilivyoharibiwa na vifaa vibovu.

Matokeo yote yamepanda au yameshuka kwa kiwango kimoja

Dalili hii ndiyo inayoripotiwa zaidi. Mchoro wako una umbo sahihi, lakini uko juu au chini ya thamani zinazojulikana kwa asilimia ileile kwenye kila foili.

Sababu ya kwanza kuichunguza ni hesabu ya protoni. Mkondo wa mikroampea 1 ni protoni takriban 6.24 × 10¹² kwa sekunde, na kwa kawaida huwa tunasoma mkondo huo kwenye kikombe cha Faraday, chombo cha metali cha kukusanya chaji ya mwale, kilicho nyuma ya bunda. Protoni zinapogonga metali ya kikombe hurusha elektroni nje, na kila elektroni inayotoroka huhesabiwa na mita kana kwamba chaji nyingine chanya imeingia. Mkondo husomeka mkubwa kuliko ulivyo, na uwezekano wa mmenyuko hutoka mdogo kuliko ulivyo. Hakikisha kwanza kwamba volti hasi ya kuzuia elektroni imewashwa na waya wake haujachomoka, kosa la kawaida mno baada ya bunda kubadilishwa. Kisha zima mwale na usome mita: ikionyesha nanoampea kadhaa wakati hakuna protoni hata moja inayofika, kuna uvujaji kwenye waya, kwenye kihami, au kwenye maji ya kupozea ambayo yamechafuka na kuanza kupitisha umeme.

Ya pili ni mwale mpana kuliko foili. Protoni zinazopita kando ya foili zikaingia kikombeni huhesabiwa, ilhali hazikugusa shaba yako. Weka karatasi inayobadilika rangi kwa mionzi mahali pa bunda, washa mwale hafifu kwa sekunde chache, na utaliona doa lake. Likiwa limeegemea upande mmoja, omba waendeshaji wa saiklotroni waurekebishe mwale. Usijaribu kulifidia kwa hesabu.

Ya tatu ni ufanisi wa kigunduzi, yaani sehemu ya mionzi ambayo kigunduzi hufaulu kuihesabu. Chanzo cha kobalti-60 kinachotumika kuupima ufanisi huo kina nusu-maisha (muda wa unururifu kupungua hadi nusu) ya miaka 5.27, kwa hiyo cheti cha mwaka mmoja uliopita kikitumika bila kusahihishwa huleta kosa la takriban asilimia 12. Utadhani chanzo ni kikali kuliko kilivyo, ufanisi utatoka mdogo, na matokeo yote yatapanda.

Namna ya kuzitenga sababu hizi ni kutumia foili za rejea. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limechapisha thamani zinazopendekezwa kwa mimenyuko ya rejea, ikiwemo ile ya protoni kwenye titani inayozalisha vanadi-48 na zile za shaba zinazozalisha zinki-62, zinki-63 na zinki-65. Ukipima foili ya titani kwenye kigunduzi kilekile na kwa umbali uleule uliopimia shaba, sehemu kubwa ya kosa la ufanisi hujifuta unapogawanya tokeo moja kwa jingine. Kwa hiyo, rejea ikipingana na kikombe cha Faraday, usikimbilie kukilaumu kikombe: huenda kikombe kinasema kweli na ufanisi ndio wenye kosa. Pima chanzo cha sizi-137 ambacho hukukitumia kuchora mkunjo wa ufanisi. Kilele chake cha keV 661.7 (nundu ya mionzi yake ya gama kwenye mchoro wa kigunduzi; keV 1,000 ni MeV 1) kikikupa unururifu ulioandikwa kwenye cheti, uliosahihishwa hadi tarehe ya leo, ufanisi hauna neno na unaweza kurudi kwenye kikombe.

Foili za mbele zinakubaliana, za nyuma zinapotoka

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu wengi hutafuta kosa kwenye kompyuta wakati lilianza kwenye mizani.

Shaba ina uzito mahsusi wa gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo, hivyo foili ya mikromita 25 ina miligramu 22.4 kwa kila sentimita ya mraba. Protoni ya MeV 20 inayoivuka hupoteza takriban MeV 0.4, na ya MeV 10 hupoteza takriban 0.6. Upotevu huongezeka kadiri protoni inavyopungua kasi. Kosa dogo la unene, likijirudia kwenye foili kumi na tano, hujilimbikiza hadi foili ya mwisho, ile uliyodhani ina MeV 8, ikawa kwa kweli ina MeV 10 au 6. Mchoro hutanuka au hubanwa kwenye mhimili wa nishati, na tofauti huonekana zaidi upande wa nishati ndogo.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kuamini unene ulioandikwa kwenye bahasha ya muuzaji. Foili nyembamba inaweza kutofautiana na namba hiyo kwa asilimia 10. Pima mwenyewe. Kipande cha milimita 10 kwa 10 cha foili tuliyoitaja kina uzito wa takriban miligramu 22, hivyo mizani inayosoma hadi miligramu 1 ina kosa la zaidi ya asilimia 4 hata kabla hujaanza. Tumia inayosoma hadi miligramu 0.1 au chini ya hapo. Eneo nalo lina mtego wake: ukikosea milimita 0.1 kwenye kila upande wa kipande hicho, umekosea eneo kwa asilimia 2. Mkasi hukunja kingo za shaba laini, na ukingo uliokunjika husomeka mfupi. Mimi hukata vipande vikubwa kuliko vinavyohitajika, navipima kwa rula ya kioo chini ya lenzi, kisha huishika kila foili kwa kibano na kuiinua mbele ya taa. Foili nzuri ni giza tupu. Ukiona nukta za mwanga, hata zikiwa ndogo kama tundu la sindano, iweke kando, kwani uzito wake wa wastani hauelezi tena kile kilichokutana na mwale.

Hesabu pia kila kitu kilicho njiani: foili ya aluminiamu ya kukamata viini, utepe wa plastiki uliofunikia shaba, dirisha la saiklotroni, na safu ya hewa kama mwale hutoka kwenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Vitu hivi husahaulika kwa sababu hatuvipimi unururifu wake, ilhali protoni hazisahau kuvivuka.

Sababu ya pili ni nishati ya mwanzo. Namba unayoambiwa na chumba cha udhibiti hutokana na mipangilio ya sumaku, na inaweza kuwa mbali na ukweli kwa mamia kadhaa ya keV. Shaba yenyewe ina alama ya kukusaidia. Mmenyuko wa shaba-63 unaotoa nyutroni mbili na kuzaa zinki-62 una kizingiti cha takriban MeV 13.5, ukiwa na kilele cha keV 596.6, wakati zinki-65 huanza kuzaliwa kwenye nishati ndogo ya zaidi kidogo ya MeV 2. Gawanya unururifu wa zinki-62 kwa ule wa zinki-65 katika kila foili, kisha linganisha na uwiano unaotokana na thamani za rejea. Uwiano huo hupanda kwa kasi sana baada ya kizingiti, na haujali mkondo wa mwale, kwani protoni zilezile zimezaa isotopu zote mbili. Foili uliyoikadiria kuwa na MeV 12 ikionyesha zinki-62 waziwazi, basi bunda lako lina nishati zaidi ya ulivyohesabu. Kumbuka tu kwamba nishati ya protoni hutawanyika kadiri zinavyozama kwenye metali, hivyo dalili hafifu karibu kabisa na kizingiti haithibitishi kosa.

Baada ya mizani na nishati ya mwanzo, ndipo uangalie fomula ya upotevu wa nishati uliyotumia. Ni mara chache huwa ndiyo mkosaji.

Isotopu za muda mfupi zimekosea, za muda mrefu ziko sawa

Sababu ya kwanza ni saa. Wakati mmoja, katika maabara niliyofanyia kazi, zinki-63 ilitutoka kasoro ya asilimia 13 kwenye foili zote, zinki-62 ikiwa na kasoro isiyofika asilimia 1, na zinki-65 ikiwa sawa kabisa. Tulishinda siku mbili tukikagua ufanisi. Hatimaye mwenzangu alisimama kwenye mlango wa chumba cha udhibiti akiwa na simu mkononi, akalinganisha saa ya ukutani na ile ya kompyuta ya kigunduzi: zilipishana kwa dakika 7. Zinki-63 ina nusu-maisha ya dakika 38.5, na dakika 7 zinatosha kuleta kosa hilohilo tuliloliona. Kwa hiyo, kosa linalopungua kadiri nusu-maisha inavyorefuka ni kosa la saa hadi ithibitishwe vinginevyo. Tumia saa moja kwa kila kitu.

Kwa wenzangu tunaohesabu saa kwa Kiswahili, daftari la maabara liandikwe kwa mtindo wa saa 24, bila kuacha nafasi ya kubahatisha. "Saa 4:20" iliyoandikwa na mtu mmoja akimaanisha asubuhi ya 10:20 inaweza kusomwa na mwingine kama 04:20 au 16:20, na kosa la saa sita huwezi kuligundua kwa urahisi kwenye isotopu ya muda mrefu.

Sababu ya pili ni mwale uliokuwa ukiyumba. Fomula ya kawaida huchukulia kwamba mkondo ulikuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikatika kwa dakika kumi katikati ya saa moja, zinki-63 iliyozaliwa mwanzoni imekwisha kuoza kwa sehemu kubwa, huku zinki-65 haikuathirika. Rekodi mkondo kila sekunde, kisha ukokotoe uzalishaji kipande kwa kipande.

Vilele viwili vya isotopu moja havikubaliani, au unururifu haufuati nusu-maisha

Hii karibu kila mara ina maana kwamba kilele kimoja kina wamiliki wawili. Kilele cha keV 511 usikitumie kamwe kupimia kiasi. Ni cha kila isotopu inayotoa pozitroni (elektroni zenye chaji chanya), na foili ya shaba iliyomulikwa imejaa isotopu hizo.

Mfano unaowanasa wengi upo kwenye titani yenyewe, yaani kwenye rejea. Vanadi-48 hupimwa kwa keV 983.5 na 1312.1. Katika nishati kubwa huzaliwa pia skandi-48, nayo ikioza huishia kwenye kiini kilekile cha titani-48, hivyo hutoa gama zilezile mbili. Tofauti ni kwamba skandi-48 huongeza gama ya keV 1037.5 na ina nusu-maisha ya takriban saa 44, wakati vanadi-48 ina siku 16. Ukiona kilele cha keV 1037.5, rudisha foili kwenye bahasha, subiri wiki mbili, kisha pima tena. Kungoja ni tiba bora kuliko hesabu ya kutenganisha.

Mfano mgumu zaidi ni wa foili za zinki. Gali-67 na shaba-67 zote huishia kwenye zinki-67 na hushirikiana keV 184.6 na 93.3, na nusu-maisha zao, saa 78.3 na saa 61.8, zinakaribiana mno kiasi kwamba kungoja hakusaidii vya kutosha. Hapo panahitajika utenganishaji wa kikemia, kwa sababu gali na shaba hutengana vizuri kwenye safu ya resini. Kazi hiyo ni ya mkemia aliyefunzwa kushughulikia vimiminika nururifu, ndani ya kabati lenye uvutaji wa hewa. Mtu wa fizikia asiijaribu peke yake kwenye meza ya maabara.

Isotopu inaonekana mahali isipopaswa kuwa

Foili ya shaba inaonyesha vanadi-48. Shaba haiwezi kuzaa vanadi-48 kwa protoni hizi. Kiini kilichogongwa husukumwa mbele, na kilichozaliwa karibu na uso wa nyuma wa titani huruka na kunasa kwenye foili inayofuata. Titani yako imepoteza kiasi hicho, na lazima ukirudishe kwenye hesabu: pima foili ya nyuma yake pia, au weka aluminiamu safi katikati kama kikamata viini. Kabla ya hapo, jiulize kama kibano kilikuwa safi.

Ikiwa isotopu inaonekana nyuma kabisa, mahali ambapo protoni zimekwisha kusimama, mshukiwa ni nyutroni zilizozaliwa mbele. Aluminiamu iliyowekwa hapo ikionyesha sodiamu-24, umepata ushahidi. Mimi huacha foili mbili za ziada nyuma ya mahali protoni zinaposimama katika kila bunda ili kuupima mchango huu.

Matokeo hubadilika ukisogeza foili karibu na kigunduzi

Foili ikiwa karibu, gama mbili za mfuatano mmoja huingia pamoja, na kigunduzi huzihesabu kama moja. Kobalti-60 huonyesha jambo hili wazi: kilele hutokea keV 2505.7, jumla ya 1173.2 na 1332.5, huku vilele vyenyewe vikipungukiwa. Vanadi-48 na kobalti-56 huathirika sana. Zinki-65 yenye gama moja kuu haiathiriki hivyo. Sogeza foili hadi sentimita 15 au 20 ukiweza. Angalia pia muda mfu wa mfumo, yaani sehemu ya muda ambayo kigunduzi kimeshughulika na hakiwezi kuhesabu: ukizidi asilimia 10, foili bado ni kali mno, iache ipoe.

Vilele vimepanuka

Kigunduzi kizuri cha gerimani hutoa upana wa takriban keV 2 kwenye keV 1332.5. Ukipanuka, anza na mambo rahisi: punguza kasi ya kuhesabu, kagua ardhi ya umeme, ondoa chaja za simu na pampu kwenye soketi zilezile, kisha rekebisha kikuza ishara. Kilele chenye mkia upande wa nishati ndogo pekee huashiria gerimani iliyoharibiwa na nyutroni, jambo linalotokea kigunduzi kikiachwa karibu na chumba cha mwale.

Hapa pana mpaka. Ukiona umande au barafu kwenye kifuniko cha kigunduzi, au nitrojeni kimiminika inaisha kwa kasi isiyo ya kawaida, ombwe la ndani limeharibika. Zima volti ya juu taratibu, usiiwashe tena kigunduzi kikiwa na joto, na usikifungue. Volti hiyo hufika maelfu, na ukarabati wa gerimani ni kazi ya fundi wa mtengenezaji. Nitrojeni nayo isimiminwe kwenye chumba kilichofungwa: lita moja ikigeuka mvuke hutoa karibu lita 700 za gesi, nayo huondoa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya.

Mkondo unashuka ghafla na ombwe linaharibika katikati ya kumulika

Chukulia kwamba foili imetoboka. Kila MeV 1 inayopotea kwa mkondo wa mikroampea 1 ni wati 1 ya joto, na foili nyembamba ndani ya ombwe haina pa kulipeleka joto hilo. Ndiyo maana tunatumia nanoampea mia moja au mia mbili. Foili iliyobadilika rangi bila kutoboka inaweza kuwa imepoteza isotopu zinazovukizwa kwa urahisi, na matokeo yake yasichapishwe.

Ikiwa unashuku imetoboka au imeyeyuka, zima mwale na usifungue chemba. Vumbi nururifu linaweza kuwa limetapakaa ndani ya bomba, na pampu inaweza kuwa imelivuta. Zuia watu kuingia, acha milango kama ilivyo, na umwite afisa wa ulinzi wa mionzi wa kituo. Yeye ndiye atakayeamua muda wa kungoja, vipimo vya hewa na nani aingie, hata kama bunda hilo lilichukua miezi mitatu kuliandaa. Kama foili zilikuwa zisafirishwe kupimwa kwingine, zibaki zilipo mpaka mamlaka husika itoe kibali: kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na kwa Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Wakati huo andika kwenye daftari saa kamili ya kushuka kwa mkondo, usomaji wa ombwe na jina la foili iliyokuwa ya kwanza kwenye bunda, kwa sababu hayo ndiyo maswali atakayoanza nayo.